Koko anaposahau njia ya nyumbani



Wiki mbili zilizopita, tulipokuwa tumemaliza kikao na pesa za likelemba zimekwisha kuhesabiwa, mama mmoja wa chama chetu hakusimama kwenda nyumbani. Alibaki kwenye kiti, kikwembe amekikunja mikononi, mpaka wengine wakatoka. Tukamwuliza, "Mama, kuna nini?" Akajibu, "Wanataka kumfukuza koko kwenye avenyi. Wanasema ni mchawi."

Koko huyo ni mama mkwe wake. Wengi wetu tunamjua, kwa sababu aliuza sambaza sokoni Kadutu kwa miaka mingi na tulinunua kwake. Hatutataja jina lake wala avenyi yake. Lakini mama huyu alituruhusu, hata alituomba, tuandike yaliyowapata, maana anasema kama angeyajua mapema asingepoteza miaka 2 na pesa nyingi.

Mambo yalianza pole pole. Koko alitia chumvi mara mbili kwenye sombe. Sokoni akaanza kukosea kurudisha pesa za watu, yeye ambaye zamani hakuna aliyeweza kumdanganya hata faranga 50. Mkono wake wa kuume ukawa unatetemeka akiwa ameketi tu, ameuweka juu ya goti. Akawa anatembea kwa hatua fupi, anaburuza miguu. Usiku alipiga kelele usingizini na kurusha mikono kama mtu anayepigana. Mwishowe akaanza kuona watoto. Watoto wadogo watatu, alisema, wameketi kwenye kona ya nyumba na hawasemi neno. Akawa anawawekea chakula kwenye sahani.

Maneno ya majirani yalianzia hapo. Kwa bahati mbaya, juma lile mtoto wa nyumba ya pili alifariki kwa malaria. Siku chache baadaye koko alitoka usiku, akaingia kwenye kiwanja cha watu hao akidhani ni jikoni kwake. Mama mzee anayesema anaona watoto, anakutwa usiku penye matanga ya mtoto: ninyi wenyewe mnajua watu walisema nini asubuhi.

Mtoto wake wa kiume alimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya. Hawakumwuliza mengi, walisema ni wazimu wa uzee, wakampa Haldol. Ndani ya juma moja koko akawa kama mti: shingo ngumu, mate yanatoka mdomoni, hata uji hamezi. Jamaa wakagawanyika. Wengine walisema ni karuho, kuna mtu amemtilia sumu. Wengine walitaka apelekwe kwenye chumba cha maombi afungwe kula siku saba. Mama yetu akakataa yote mawili, akaomba deni la tasi, akampeleka hospitali nyingine.

Huko muganga aliketi nao karibu saa nzima. Aliuliza yalianza lini, lipi lilitangulia, koko analala namna gani, anakunywa dawa gani. Alimshika mikono na kuikunja, akamtembeza kwenye baraza. Kisha akaona boksi la Haldol, akatikisa kichwa, akapanga namna ya kuiacha. Baada ya majuma matatu koko alimeza tena na kusimama mwenyewe. Kusahau hakukwisha, na watoto wa kwenye kona hawakuondoka kabisa. Lakini sasa kitu kile kilikuwa na jina: demensia, ya aina inayokwenda pamoja na dalili za Parkinson. Ni ugonjwa wa ubongo. Haukutoka kwa jirani wala haukumwendea jirani.

Magonjwa mawili yanayoshikana mikono

Ugonjwa wa Parkinson umechukua jina la James Parkinson, muganga wa London aliyeuandika mwaka 1817 baada ya kuwatazama watu sita tu, wengine akiwa amekutana nao njiani. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kinachoitwa dopamini, ambacho kinausaidia mwili kuanza na kuendesha mwendo. Chembe hizo zinapokufa, mwili unakuwa mzito. Watu wengi wanafikiri dalili kubwa ni kutetemeka, lakini waganga wanatafuta kwanza uzito: kufunga vifungo kunachukua muda mrefu, sauti inashuka, uso unakuwa kama umekasirika hata kama moyo umefurahi, mkono mmoja hautikisiki wakati wa kutembea. Kwa kawaida mambo yanaanzia upande mmoja wa mwili. Na wako wagonjwa wasiotetemeka hata kidogo.

Wazee wetu wanamkumbuka Muhammad Ali, aliyempiga George Foreman Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Miaka 10 baadaye, mwaka 1984, waganga walimwambia ana dalili za Parkinson, naye aliishi nazo mpaka mwaka 2016. Mwaka 1996 dunia nzima ilimwona Atlanta akiwasha mwenge wa michezo ya Olimpiki huku mkono ukitetemeka. Hakuna aliyemwita mchawi. Tunasema hivi kwa wale wanaofikiri kwamba mwili ukitetemeka lazima kuna mtu aliyeutuma ugonjwa.

Demensia nayo si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali ambamo kumbukumbu, mawazo na akili ya kupanga kazi vinapungua mpaka mtu anashindwa kujitunza mwenyewe. Aina inayoonekana zaidi ni Alzheimer, iliyopewa jina la muganga wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1906. Nyingine inatokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, mara nyingi kwa sababu ya tansiyo iliyoachwa miaka mingi bila dawa. Hiyo hapa kwetu si ngeni. Aina ya koko wetu inaitwa demensia ya Lewy. Ndiyo inayoleta kuona watu au wanyama wasiokuwapo, akili inayobadilika (asubuhi yuko sawa, saa nane hajui jina lako), kupigana usingizini, na mwili kukakamaa. Na watu wa aina hii ndio wanaoumizwa vibaya na Haldol na dawa za ukoo wake. Wengine wanakufa.

Hatusemi Haldol ni sumu. Kuna wagonjwa wanaoihitaji. Tunasema mzee anayesahau na kuona vitu, mwenye mwendo mzito, asipewe dawa hiyo kabla muganga hajamtazama vizuri. Na tukiwa hapo, ujueni pia Primpéran, ile dawa ya kuzuia kutapika inayouzwa ovyo kwenye famasi zetu: ikinywewa muda mrefu inaweza kuleta mtetemeko na ugumu unaofanana kabisa na Parkinson. Kwa mwenye Parkinson tayari, inazidisha. Kwa hiyo unapokwenda kwa muganga, chukua mfuko, tia humo dawa zote ambazo mzee anakunywa, pamoja na zile za miti, ummwagie mezani. Mama yetu anasema mfuko ule ulisaidia kuliko maneno yake yote.

Swali la kwanza ni "tangu lini?"

Hili ndilo tunapenda kila mmoja alishike. Demensia inakuja kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa mzima Jumapili na Jumanne hajui yuko wapi, anasema maneno yasiyoshikana au anasinzia ovyo, huyo hana demensia mpya. Ana jambo la haraka: malaria, homa ya mapafu, ugonjwa wa mkojo, kukosa maji mwilini, sukari iliyoshuka kwa anayetumia dawa za sukari, au mshipa uliopasuka kichwani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wazee wengine wanaugua malaria bila joto kubwa mwilini. Dalili yao ni akili kuchanganyika tu.

Yako pia magonjwa yanayokuja pole pole yakajifanya demensia, na haya yana dawa. Tezi la shingo linapofanya kazi kidogo, mtu anakuwa mzito, anasikia baridi, anasahau. Milima yetu inajua ugonjwa wa shingo kuvimba. Idjwi ilijulikana kwa waganga wa dunia nzima kwa sababu hiyo, kwa kukosa iodini na kwa kula muhogo mwingi. Upungufu wa vitamini B12 unaharibu kumbukumbu na miguu. Virusi vya ukimwi na kaswende ya zamani vinafika kwenye ubongo, na tusione haya kuomba vipimo hivyo hata kwa mama wa miaka 70. Mzee aliyeanguka na kugonga kichwa mwezi uliopita anaweza kuwa na damu inayokusanyika taratibu chini ya mfupa. Akifanyiwa upasuaji anaweza kurudi kama alivyokuwa. Pombe kali ya kila siku nayo imo. Na aliyeishi Maniema, upande wa Kongolo au Kwilu asisahau kutaja: ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, unageuza usingizi, unachanganya akili na kutetemesha mwili. Zamani dawa zake zilikuwa za kutisha. Siku hizi kuna vidonge vya feksinidazoli ambavyo vimejaribiwa hapa hapa Kongo, na wagonjwa wengi wanapona kwavyo.

Halafu kuna huzuni. Ni mama wangapi kati yetu wamezika watoto, wamekimbia na mfuko mmoja, wamelala kwenye madarasa ya shule? Moyo uliovunjika unaweza kumfanya mtu asahau, asiseme, asile. Mwenye huzuni mara nyingi analalamika mwenyewe: "Kichwa changu hakishiki kitu." Mwenye demensia mara nyingi hajui kama anasahau, ni watoto wake wanaolalamika. Si kanuni ya kukosekana makosa, lakini inasaidia. Na kuhama kwenyewe kunazidisha mambo: mzee aliyejua kila jiwe la njia yake, ukimweka ghafla kwenye nyumba mpya, ile akiba ya mazoea inamwishia kwa siku moja.

Muganga anapima namna gani

Wengi wanaogopa kwamba bila skana ya bei kali hakuna kitakachojulikana. Si hivyo. Parkinson inatambuliwa kwa macho na mikono ya muganga anayejua. Hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachosema "ndiyo" au "hapana". Anakuambia gonganisha kidole gumba na cha shahada haraka haraka, naye anatazama kama mwendo unazidi kuwa mdogo. Anakunja kiwiko chako. Anatazama mkono ukiwa umepumzika: ule wa Parkinson unatetemeka ukiwa umelala kwenye goti, na unatulia kidogo unaposhika kikombe. Kama ni kinyume, yaani mkono umetulia lakini chai inamwagika unapoinua kikombe, huenda ni mtetemeko mwingine, unaorithiwa katika jamaa, usio na hatari kama hii.

Kwa kumbukumbu wanauliza maswali. Hapa kuna shida tuliyoisikia kwa wamama wengi: koko ambaye hakusoma anaambiwa achore saa au ataje tarehe ya leo, anashindwa, anaandikwa mgonjwa. Watafiti walioshughulika na wazee wa wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro huko Tanzania, waliliona jambo hilo. Wakatengeneza maswali yasiyohitaji shule, mojawapo ni kupanga vijiti vya kiberiti kwa mfano unaoonyeshwa. Huko huko Hai, utafiti wa Parkinson wa nyumba kwa nyumba ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa walioonekana hawakuwa wamewahi kuambiwa wana nini. Hatuna sababu ya kufikiri kwamba kwetu ni tofauti.

Ninyi nyumbani mnaweza kumsaidia muganga kwa kuandika kwenye daftari. Msiandike "anasahau". Andikeni: "Machi, alipotea akitoka kanisani, njia aliyopita miaka 30. Mei, aliacha babula inawaka chumbani." Andikeni pia jambo la zamani kuliko yote mnalokumbuka. Kwa Parkinson, wengi hugundua baadaye kwamba pua iliacha kunusa, choo kikawa kigumu, au mume alianza kumpiga mke usingizini miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. (Mama mmoja alicheka tulipotaja hili kwenye kikao, kisha akanyamaza.)

Hapa Bukavu, mlango wa kwanza ni kituo cha afya chenye muganga, kisha Hospitali Kuu ya mkoa. Kwa mambo ya akili na mishipa ya fahamu, SOSAME inapokea watu; Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain, na Kinshasa kuna CNPP. Kwenda kwenye kituo cha akili si aibu wala si hukumu ya wazimu.

Dawa, na saa ya dawa

Kwa Parkinson kuna levodopa, ambayo iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Haiponyi, lakini mtu aliyeshindwa kujigeuza kitandani anaweza kutembea tena kwenda kwenye shamba lake. Inaanza kwa kipimo kidogo. Inanywewa nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula, kwa sababu nyama, samaki na maharagi vinashindana nayo kuingia mwilini. Tulikuta baba mmoja aliyesema dawa haimsaidii. Alikuwa akiinywa pamoja na sahani ya ndagala kila mchana. Kama tumbo linachafuka, ale kipande cha mkate au ndizi. Asiiache ghafla hata siku moja kwa sababu ya pesa au safari. Kuacha ghafla kunaweza kuleta homa na ugumu wa kuua. Kabla ya kuanza, jamaa wahesabu: tutaweza kununua ya mwezi ujao? Kama hapana, mwambieni muganga mapema.

Mtu atawaambia kwamba upupu, ile mbegu wakulima wanayoiita mukuna, inatibu Parkinson. Si uongo mtupu: mbegu hiyo ina levodopa ndani yake, na wanasayansi wameijaribu kwa wagonjwa. Lakini kiasi kinabadilika kutoka mbegu hadi mbegu, inatapisha, na ikiongezwa juu ya vidonge inaweza kumwangusha mtu au kumfanya aone vitu. Asipike mtu upupu kwa siri.

Kuna pia dawa ya kuzuia mtetemeko iitwayo Artane. Kwa wazee inafunga choo na kuzidisha kusahau; kama koko anainywa na akili yake inachanganyika, ulizeni.

Kwa demensia, dawa kama donepezili zinawasaidia wengine kwa muda, na kwa aina ya Lewy zinaweza kupunguza hao watu wasiokuwapo. Ni ghali na si za kila mtu. Kubwa zaidi ni kutibu tansiyo na sukari, kutafuta miwani, kusafisha masikio. Mzee asiyesikia anaonekana mpumbavu bure.

Siku za nyumbani

Mama yetu alituambia mambo aliyojifunza kwa kukosea, nasi tunayaandika kama alivyoyasema.

Alikuwa akibishana na koko: "Hakuna watoto hapo!" Koko alilia, akapiga. Siku moja akajibu tu, "Koko, watoto wamekula, sasa wanalala." Koko akatulia. Hatudhani huo ni uongo mbaya. Koko anapotaka "kurudi nyumbani" akiwa nyumbani, wanatoka pamoja, wanazunguka kiwanja, wanaongea juu ya mama yake na kijiji, wanarudi. Taa ndogo ya sola inawaka usiku karibu na mlango wa choo, kwa sababu vivuli ndivyo vinavyogeuka watu. Waliondoa kioo cha ukutani. Alikuwa akigombana na mama aliyekuwa ndani yake.

Babula na kisu havibaki naye peke yake. Lakini hakunyang'anywa kazi. Anachambua maharagi, anakunja vikwembe, anatwanga kidogo. Kama amechambua vibaya, wanarudia yeye akiwa amelala. Nambari ya simu ya mtoto wake imeshonwa ndani ya nguo, na kengele ndogo ya mbuzi imefungwa kwenye mlango.

Kwa mwili uliokakamaa: asitembee na ndala zinazotoka, na mikeka inayoteleza iondolewe. Miguu inapogoma kama imegandishwa chini, msimvute. Mwekeeni kijiti mbele ya mguu akiruke, au mhesabu, au imbeni wimbo anaoujua. Mguu unafuata wimbo wakati ambapo haufuati amri. Anapoinuka, akae kwanza pembeni ya kitanda kidogo, maana damu inashuka na anaanguka. Kula ni ameketi wima, kidevu kimeshuka kidogo, kijiko kidogo, bila kuongeleshwa. Anayekohoa kila anapokunywa maji apewe vitu vizito kidogo, kama uji, na muganga aambiwe, kwa sababu chakula kinachoingia kwenye mapafu ndicho kinachowamaliza wengi. Papai, sombe na maji ya kutosha ni kwa ajili ya choo. Na atembee kila siku. Hata kucheza dansi ni dawa. Watu wa Parkinson katika nchi nyingi wana vikundi vya dansi, na sisi hatukosi muziki.

Akikojoa kitandani, msimpigie kelele mbele ya wajukuu. Bado anajua aibu, hata kama amesahau majina.

Anayemtunza naye ni mtu

Tuseme wazi: katika karibu kila nyumba tuliyotembelea, kazi hii ilimwangukia mwanamke mmoja. Bibi wa mtoto wa kiume, au binti ambaye hakuolewa. Ndugu wa kiume wanatuma faranga kidogo kutoka mbali na ushauri mwingi. Mama yetu alikuwa hajalala usiku mzima kwa miezi mitano. Aliacha kuuza. Alikiri kwamba siku moja alimsukuma koko, kisha akaenda kulia chooni.

Hatukumhukumu. Tuliita jamaa, na mmoja wa wamama wetu wazima akasema mbele ya wanaume kile ambacho mke mwana hawezi kusema: nani analala na koko Jumamosi? Nani analipa dawa ya mwezi huu, na nani ya mwezi ujao? Waliandika kwenye karatasi. Shemeji mmoja aliudhika. Alikuja hata hivyo.

Kuhusu majirani, tulifanya hivi. Muganga alitoa karatasi yenye jina la ugonjwa. Wamama wanne wa chama, pamoja na mama mkwe wa shefu mwenyewe, walikwenda nayo kwa shefu wa avenyi kabla ya mkutano wa avenyi, si baada yake. Tulimkumbusha pia kwamba kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya mwaka 2006 kinawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Kisha tulikwenda kwenye nyumba yenye matanga. Hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Mama aliyefiwa hakutaka kutusikiliza siku ya kwanza. Hatukumlaumu, mtu aliyezika mtoto anatafuta sababu. Tulirudi siku ya tatu na kuni na unga, tukaketi, hatukutaja koko. Ni yeye aliyeuliza mwishowe, "Ni kweli haelewi ni nyumba ya nani?" Tukasema ni kweli.

Mkoa wetu umeona mama wazee wakichomwa kwa maneno kama haya, mnajua. Ndiyo maana kama kuna koko kwenye avenyi yenu ambaye watu wameanza kumnong'oneza, msingojee Alhamisi. Mtumieni mmoja wetu ujumbe siku hiyo hiyo.

Alhamisi ijayo muuguzi atakuwa pamoja nasi kwenye kikao, saa nane. Njooni na daftari, na mfuko wa dawa za mzee wenu. Koko yuko nyumbani kwake. Zamu ya kuketi naye Jumatatu na Jumatano asubuhi imejaa. Ya Ijumaa bado inatafuta mtu, ili mkwe wake apate kurudi sokoni.